Nyota auzwe mapema, asisubiriwe mpaka mkataba uishe

Kila merkato inapokaribia, swali linarudi Lubumbashi, Kindu, Bukavu na Goma. Kuna mchezaji aliyebeba timu msimu mzima, mkataba wake umebakiza mwaka mmoja, na hataki kutia sahihi mpya. Auzwe sasa, au abaki amalize? Washabiki wengi hujibu bila kufikiri mara mbili: abaki. Viongozi huogopa kelele za washabiki, hunyamaza, na mwaka unapita. Siku mkataba unapokwisha, mchezaji anabeba begi lake na klabu inabaki na picha za mabao yake.

Kwa klabu nyingi za Kongo, jibu linalofaa ni kumwuza mapema, wakati bado ana bei. Ni jibu chungu, lakini hesabu haina huruma, na klabu zinazoumia zaidi kwa kulikwepa ni zile zisizo na tajiri nyuma yao.

Sheria yenyewe haina fumbo. Tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman: mchezaji aliyemaliza mkataba aende anakotaka ndani ya Umoja wa Ulaya, na klabu yake ya zamani isidai bei ya kumwuza. Leo kanuni za FIFA zinafuata njia hiyo duniani kote, na zinaongeza jambo ambalo viongozi wengi husahau: mkataba ukibakiza miezi 6, mchezaji anaruhusiwa kutia sahihi na klabu nyingine. Kwa hiyo mkataba unaokwisha mwezi wa 6 unaanza kufa mwezi wa kwanza. Kiongozi anayengoja mwezi wa 5 ndipo aite kikao, anazungumza na mtu ambaye huenda alishatia sahihi kwingine.

Bei ya mauzo haipotei peke yake. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Huo ndio mchango wa mshikamano. Akiondoka bure, hakuna bei, na bila bei hakuna asilimia 5. Timu ndogo ya mtaani iliyomfundisha akiwa mtoto inakosa fungu lake, pamoja na klabu kubwa iliyozembea. Iko pia fidia ya malezi, ambayo inaweza kudaiwa hata kama mkataba umekwisha, lakini mlango wake unafungwa mchezaji akishapita umri wa miaka 23. Nyota wengi wa Linafoot wanaotakiwa na klabu za nje wamekwisha kuupita umri huo.

Mfano unaojulikana vizuri ni wa Mbwana Samatta. TP Mazembe ilimchukua kutoka Simba ya Tanzania mwaka 2011. Mwaka 2015 alikuwa mshambuliaji anayeogopwa kuliko wote katika mashindano ya klabu za Afrika. Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga USM Alger, mabao 2 kwa 1 kule Algiers na 2 kwa 0 Lubumbashi, na Samatta alifunga katika michezo yote miwili. Mwezi wa kwanza mwaka 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Wakati huo mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache tu. Mwisho wa mwezi ule ule, Mazembe ilikubali aende Genk ya Ubelgiji.

Hadithi hiyo ina pande mbili. Anayetetea kumbakiza nyota atasema Mazembe ilipata vyote: kombe, safari ya Kombe la Dunia la Klabu kule Japani, na mauzo. Ni kweli. Lakini ilipita kwenye uzi mwembamba. Goti lingevunjika Algiers, au Genk ingeamua kungoja miezi michache, mshambuliaji bora wa bara angeondoka bila klabu kupata chochote. Halafu miaka minne baadaye, mwezi wa kwanza mwaka 2020, Genk ilimwuza Aston Villa ya Uingereza kwa bei ambayo magazeti ya huko yalisema inapita pauni milioni 8. Kwa hesabu ya kanuni, fungu la mshikamano la klabu iliyokuwa naye tangu miaka 18 hadi 23 ni karibu asilimia 2 ya bei hiyo, yaani zaidi ya pauni laki moja na nusu. Pesa kubwa ilikwenda kwa aliyemwuza wakati mkataba ungali na nguvu.

Njia hiyo hiyo sasa inapita Dar es Salaam. Fiston Mayele, mtoto wa Mbuji-Mayi, aliondoka AS Vita Club mwaka 2021 akiwa na miaka 27, akaenda Young Africans. Kule akawa jina kubwa: mwaka 2023 aliifikisha Yanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho. Mwaka huo huo Yanga ikamwuza Pyramids ya Misri, naye akachukua Ligi ya Mabingwa mwaka 2025. Maxi Nzengeli naye alitoka AS Maniema Union ya Kindu mwaka 2023 akaenda Yanga. Kongo inazaa, jirani anang'arisha, wa tatu ananunua kwa bei ya juu. Klabu ya kwanza haiwezi kuzuia mnyororo huo. Inachoweza ni kushika pete yake, na pete hiyo ni mkataba ulio hai. Anayeuza ana haki ya kuandika katika karatasi za mauzo kwamba mchezaji akiuzwa tena, yeye apate asilimia kadhaa. Anayengoja mkataba uishe hana karatasi ya kuandika chochote.

Wanaopinga wana hoja yenye uzito. Kombe nalo lina pesa. CAF iliweka dola milioni 4 kwa bingwa wa Ligi ya Mabingwa kuanzia msimu wa 2022-2023, na dola milioni 2 kwa anayepoteza fainali. Hata kufika makundi tu kulikuwa na dola 700,000. Klabu iliyo katika makundi, yenye nyota anayeweza kuifikisha nusu fainali, ina sababu ya kusema: tumtumie mpaka siku ya mwisho. Maniema Union ilifika makundi hayo msimu wa 2024-2025, na kila mtu Kindu anajua maana yake kwa mji usio na viwanda vikubwa.

Lakini hoja hiyo inasimama pale tu hesabu imefanywa. Viongozi waweke kwenye meza namba mbili: bei iliyoletwa leo, na pesa ambazo timu inaweza kupata kwa kweli ikiwa na mchezaji huyo mpaka mwisho. Kama namba ya pili inaishinda ya kwanza, abaki, na washabiki waambiwe wazi kwamba ataondoka bure. Kama timu haiko hata kwenye mashindano ya Afrika, namba ya pili ni ndogo sana, na kumbakiza ni kujifurahisha kwa msimu mmoja kwa gharama ya misimu mitatu.

Wengine huleta mfano wa Paris Saint-Germain. Mwaka 2021 Real Madrid ilileta zaidi ya euro milioni 160 kwa ajili ya Kylian Mbappé, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja. Paris ikakataa. Mchezaji akaongeza mkataba mwaka 2022, kisha mwaka 2024 akaenda Madrid bila bei yoyote. Mwaka uliofuata Paris ikachukua Ligi ya Mabingwa ya Ulaya bila yeye. Basi, wanasema, hakuna hasara. Paris inamilikiwa na mfuko wa taifa la Qatar. Inaweza kutupa milioni 160 na kulala usingizi. Klabu ya Kongo inayotafuta nauli ya ndege ili ikacheze Kinshasa haiwezi kuiga mwendo wa tembo. Jambo moja tu la Paris linafaa kuigwa: timu ilijengwa upya haraka, ikaishi bila nyota wake.

Na hilo Kongo inalijua tangu zamani. Mwaka 2010 Trésor Mputu, roho ya Mazembe, alifungiwa na FIFA mwaka mzima. Wengi walisema timu imekwisha. Mwaka huo huo Mazembe ilishinda Ligi ya Mabingwa Afrika, ikaitoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil, na ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikapoteza mbele ya Inter Milan. Nyota ni mkubwa, lakini timu iliyopangwa vizuri humzidi.

Kwa mashariki ya nchi, jambo hili limekuwa zito zaidi. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Klabu kama AS Dauphin Noir na OC Muungano hazihitaji kuelezwa vita inafanya nini kwa mpira: uwanja wa ndege ukifungwa timu haisafiri, mlango wa uwanja haukusanyi kitu, mfadhili anakimbia. Katika hali hiyo, kipaji cha kijana mmoja kinaweza kuwa mali pekee ya klabu ambayo bado ina soko nje ya nchi. Kukiacha kiondoke bure kwa sababu hakuna aliyeangalia tarehe ya mkataba ni kuchoma ghala wakati wa njaa.

Mchezaji naye si mbuzi wa sokoni. Ana familia, ana miaka michache ya kucheza, na ana haki ya kungoja mkataba uishe ili achague mwenyewe. Kanuni za FIFA zinamlinda pia dhidi ya mwajiri mbaya: asipolipwa mishahara ya miezi miwili, akaandika kudai na kutoa muda wa siku 15 bila kulipwa, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Mara nyingi klabu hulalamika kwamba mchezaji ametoroka, kumbe ni yenyewe iliyofungua mlango kwa kutomlipa. Klabu isiyolipa haina nyota wa kuuza wala wa kubakiza.

Kazi ya viongozi basi inajulikana. Mkataba ukibakiza miezi 18, mchezaji aitwe na kuulizwa. Ukibakiza mwaka mmoja bila sahihi mpya, atafutiwe mnunuzi katika merkato hiyo, kwa bei ya kweli, si bei ya ndoto inayofukuza kila anayekuja. Asilimia ya mauzo yajayo iandikwe. Karatasi za usajili wa watoto zihifadhiwe vizuri, kwa sababu tangu mwaka 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kugawa pesa za malezi, na jina lisiloandikwa halilipwi. Mwisho, pesa ikiingia, washabiki waonyeshwe imekwenda wapi: mishahara, uwanja, shule ya watoto.

Hapo ndipo imani inapojengwa. Mshabiki wa Kongo hakasiriki tu kwa sababu nyota ameuzwa. Hukasirika kwa sababu nyota ameuzwa na msimu unaofuata hakuna mpya, hakuna mshahara, hakuna maelezo. Komite inayouza kwa wakati na kutoa hesabu hadharani itazomewa wiki moja. Ile inayongoja mpaka mkataba uishe itakuwa imempoteza mchezaji, imepoteza pesa, na haitakuwa na kitu cha kuwaonyesha watoto wanaofanya mazoezi kila jioni wakingoja zamu yao.