Kabla ya kuchagua kitoweo cha Pasaka, hesabu watu

Leo, Aprili 10, 2022, ni Jumapili ya Matawi. Kwaresma tuliyoianza Machi 2 inafika ukingoni, na Jumapili ijayo tutashangilia kwamba Kristo amefufuka. Lakini nyumbani kwako, kama kwangu, swali lililokwisha kuanza kuulizwa ni jingine: mwaka huu Pasaka tunakula nini?

Usilidharau swali hilo. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, bei za petroli na ngano zimepanda duniani, na nchi hizo mbili ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti. Sisi tunalima alizeti Singida na Dodoma, lakini sehemu kubwa ya mafuta ya kula bado tunaagiza nje, hivyo vita vya mbali vimeingia hadi kwenye kikaango chetu. Hapa nchini nako, ukame umeua mifugo mingi ya ndugu zetu wa Simanjiro. Mama anayekwenda sokoni na fedha ileile ya Pasaka iliyopita anarudi na kikapu chepesi.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Ziko familia ambazo wiki hii zinajadiliana kwenye kundi la WhatsApp. Huyu anataka mbuzi achinjwe kama miaka yote, yule anataka kuku wa kienyeji, mwingine anasema pilau ya nyama ya ng'ombe inatosha. Kisha kinatajwa kiwango cha mchango, na kila mmoja anatakiwa atume kwa simu kabla ya Ijumaa Kuu. Wenye nacho wanatuma siku hiyohiyo. Yupo mdogo wao aliyepunguzwa kazini; huyo ananyamaza. Siku ya tatu anaandika kwamba amepata safari, hatakuwepo. Kila mtu anajua kwamba hakuna safari, lakini hakuna anayempigia simu. Mbuzi ataliwa, picha zitapigwa, na kiti kimoja kitabaki kitupu kwa sababu ya mbuzi huyo.

Mpendwa msomaji, fungua Kutoka sura ya 12 usome agizo la Pasaka ya kwanza. Kabla Mungu hajasema neno lolote juu ya kuchinja, anasema juu ya watu. Katika mstari wa 4 anaagiza kwamba nyumba iliyo ndogo kwa mwanakondoo mmoja iungane na jirani wa karibu, na mnyama akadiriwe kwa kadiri ya walaji. Kondoo au mbuzi, vyote viliruhusiwa. Alichaguliwa siku ya kumi na kuchinjwa siku ya kumi na nne, akaliwa ameokwa kwa moto, pamoja na mkate usiotiwa chachu na mboga chungu. Kubakiza hadi asubuhi kulikatazwa.

Tazama mpangilio huo: watu kwanza, mnyama baadaye. Sisi tumeugeuza. Tunachagua mnyama kwanza, halafu bei yake ndiyo inayotuchagulia watu.

Paulo anatukumbusha katika 1 Wakorintho 5:7 kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu, naye amekwisha kutolewa. Kwa hiyo hakuna nyama inayoweza kuiongezea Pasaka yako utakatifu, wala dagaa wa kuipunguzia. Bwana mwenyewe, jioni ya siku aliyofufuka, alikula kipande cha samaki wa kuokwa mbele ya wanafunzi wake. Baadaye, kando ya ziwa, aliwaandalia samaki na mkate juu ya makaa. Aliwaambia walete pia samaki waliowavua wao, lakini moto wake ulikuwa umekwisha kuwaka na chakula kipo. Petro aliyemkana mara tatu alikula kabla ya kuulizwa swali lolote. Huo ndio mchango wa Kikristo: unapokewa kwa furaha, lakini haugeuzwi kuwa kiingilio.

Je, nasema usile nyama siku hiyo? Hapana. Wako watoto ambao kuku wanamwonja Krismasi na Pasaka tu, na hao wana haki ya kufurahi. Nehemia 8:10 inawaambia watu wale vinono siku takatifu ya Bwana. Lakini mstari huohuo unawaagiza wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu.

Basi wiki hii anza na orodha ya watu: mjane wa jirani, dada wa kazi, na huyo mdogo wenu mwenye "safari". Kisha angalia fedha iliyopo mkononi, si ile ya mkopo wa simu utakaolipwa kwa ada ya mtoto. Ukigawanya fedha hiyo kwa watu hao, kitoweo kitajitaja chenyewe. Kikiwa mbuzi, mshukuru Mungu. Kikiwa ni maharage ya nazi na samaki wachache, mshukuru Mungu vilevile.

Mfikirie pia mpishi. Wanawake ndio waliotangulia kufika kaburini alfajiri. Itakuwa aibu wanawake wa nyumba yako waikose ibada ya ufufuko kwa sababu ya sufuria. Chagueni chakula kinachoweza kusubiri, au wanaume washike mwiko. Na kwa kuwa ndugu zetu Waislamu wamo katika mfungo wa Ramadhani, mtengee jirani yako sehemu yake ya futari. Kama mnachinja, mwombeni yeye achinje, ili naye ale bila wasiwasi.

Zimebaki siku saba. Kabla hujauliza bei ya mbuzi, mpigie simu yule aliyenyamaza kwenye kundi. Usimtumie ujumbe, mpigie. Usimuulize habari ya mchango. Mwambie aje na watoto, na kwamba chakula hakitapakuliwa kabla hajafika.

Nakutakia Juma Kuu lenye baraka. Bwana akubariki wewe na wote watakaoketi mezani pako. Amina.