Nesi hakuambiwa, na sisi hatukuuliza

Makamanda, leo naomba tuiweke pembeni Katiba Mpya kwa dakika tatu.

Mei 2024 nilimpeleka mdogo wangu wa miaka 11 zahanati akachanjwe HPV. Nesi akanijibu bila ubaya wowote: "Dada, hii ni ya wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mlete akifika." Huo ulikuwa utaratibu wa 2018, chanjo ilipoanza nchi nzima. Mwezi mmoja tu kabla yetu, Aprili, serikali ilikuwa imeubadilisha: dozi moja, miaka 9 hadi 14. Mimi nilisoma kwenye simu. Yeye hakuambiwa.

Mama, ana miaka 44, naye akauliza kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. "Una dalili gani, mama?" Hana. "Basi huna haja."

Jamani! Kipimo hiki ni cha asiye na dalili. Kinatafuta mabadiliko kabla hayajawa saratani. Kile cha siki hata maabara hakihitaji: mlango wa kizazi unapakwa siki, unasubiri kama dakika moja, penye shida panageuka peupe, na mara nyingi unatibiwa siku hiyohiyo. Ukingoja mpaka damu itoke, safari inaweza kuwa ya Ocean Road.

Simlaumu nesi. Peke yake ana wajawazito, watoto wa kliniki na rejista za kujaza. Nailaumu serikali inayojua kuzindua chanjo mbele ya kamera halafu inamsahau anayeshika sindano. Ibara ya 14 inazungumzia haki ya kuishi (mnaonijua mlijua ibara lazima ije), na haki hiyo kijijini inapitia kwa nesi.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji au mtaa usiulize tu chanjo ngapi zimekuja. Uliza wahudumu wangapi wamefundishwa, lini, na nani hapa anajua kipimo cha siki. Diwani naye aulize hivyo kwenye baraza.

Na kwenye magrupu yetu ya WhatsApp tuache kusambaza eti chanjo inafunga kizazi. Nimeikuta kwa kamanda ninayemheshimu sana. Ni uongo. Kuipinga CCM ni kitu kimoja, kumnyima mdogo wako chanjo ni kingine.

Mdogo wangu alichanjwa wiki mbili baadaye, zahanati nyingine. Mama hajapima mpaka leo. Anasema nesi alishamwambia yuko sawa.