Kichwa Kinauzwa: Kiwiliwili Kiko Wapi?



Katika orodha za minada ya vitu vya kale huko Ulaya na Marekani, mara kwa mara hutokea tangazo la namna hii: kichwa cha Buddha, jiwe la mchanga, Kambodia, karne ya 12 au 13, kutoka hazina ya mtu binafsi. Urefu umepimwa kwa sentimita. Umri umekadiriwa. Bei imetajwa kwa dola. Jambo moja huwa halitajwi: kiwiliwili kiko wapi, na ni nani aliyekitenga na kichwa chake?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Ni swali la haki, na kwa sababu hiyo latuhusu sisi.

Sanamu hizo hazikuchongwa ziwe mapambo ya sebuleni. Mfalme Jayavarman VII, aliyeanza kutawala Kambodia mnamo mwaka 1181, alijenga mahekalu makubwa ya Kibuddha kama Bayon na Banteay Chhmar, na humo watu walifukiza ubani na kusali. Sisi hatushiriki imani yao. Hata hivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulitutaka tuyaheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini hizo, na Ubuddha umetajwa humo kwa jina. Kilicho kitakatifu kwa jirani hakiwi bidhaa kwa sababu tu si kitakatifu kwetu.

Mwaka 1975 Khmer Rouge walitwaa madaraka nchini Kambodia, na hata baada ya kuangushwa mwaka 1979, vita viliendelea mpaka miaka ya 1990. Mahekalu ya porini yakabaki bila mlinzi, nao wafanyabiashara wakapata nafasi. Mwishoni mwa mwaka 1998 wanajeshi waliingia Banteay Chhmar na mashine nzito, wakabomoa sehemu ya ukuta uliochongwa sura za Avalokiteshvara, ambaye Wabuddha humheshimu kuwa mwenye huruma kwa wote wanaoteseka. Mwaka 1999 polisi wa Thailand walikamata lori lililobeba vipande 117 vya mawe hayo. Vipande vilirudishwa Kambodia, lakini ukuta umebaki na pengo.

Tuutazame mnyororo wa biashara hii. Chini kabisa yuko mkulima maskini au askari anayepokea fedha ya kula siku chache. Juu yake yuko dalali wa mpakani, kisha mfanyabiashara wa mjini mwenye makaratasi, na mwisho mnunuzi mwenye ukumbi mzuri. Kadiri sanamu inavyosafiri, bei hupanda na kumbukumbu ya mahali ilikotoka hufutika. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki Douglas Latchford, mfanyabiashara mashuhuri wa sanamu za Kikhmer aliyeishi Bangkok, kwa kughushi historia ya vitu alivyouza. Alifariki mwaka 2020 kabla ya kesi kusikilizwa, hivyo hakuhukumiwa. Lakini mwaka 2023 Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalikubali kurudisha Kambodia sanamu 14 zilizohusishwa naye, kikiwamo kichwa cha Buddha cha karne ya 7.

Wako wanaowatetea wanunuzi. Husema: kama tusingezinunua, zingevunjwa. Nao hutoa mfano wa Afghanistan, ambako mwezi Machi 2001 Taliban walizilipua sanamu kubwa za Buddha za Bamiyan. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, maana kuna vitu vilivyookoka kwa sababu vilikuwa mbali na vita. Lakini anayekihifadhi kitu cha jirani wakati nyumba inaungua hukirudisha moto ukizimika, hakipeleki mnadani. Tena fedha inayolipwa kwa kichwa kimoja ndiyo inayompa mtu wa chini sababu ya kukata cha pili. Mnunuzi asiyeuliza hawezi kusema kwamba mikono yake haikushika patasi. Amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya anayeiba usiku peke yake. Humbana pia anayepokea mchana. Na toba yake haikamiliki bila kurudisha. Zakayo hakuishia kusikitika moyoni. Aliahidi kurudisha mara nne.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Asia tu. Katika pwani ya Kenya, Wamijikenda husimamisha vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa, kwa heshima ya wazee wao waliofariki. Kigango kikishasimamishwa hakipaswi kung'olewa. Hata hivyo vingi viliibwa, mara nyingine na vijana wa vijiji vile vile waliohitaji fedha, vikauzwa kwa watalii na kufika Marekani. Familia moja ilipoteza viwili. Kwa bahati njema mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mzee wa familia hiyo mwaka 1985 akiwa mbele ya vigango vyake. Picha hiyo ndiyo iliyowezesha kimoja kutambuliwa katika makumbusho ya Illinois, na mwaka 2007 kikarudi kwa wenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: tukiulilia uchungu wa kigango, hatuna budi kuuelewa uchungu wa Mkambodia.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila parokia iorodheshe na kupiga picha vitu vyake vya kale: kalisi, sanamu, misalaba, vitabu vya zamani. Kisicho na picha kikiibwa ni vigumu kukidai. Pili, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wazungumze na wazee wa mahali, hata wasio wa imani yetu, ili makaburi, misitu ya matambiko na vitu vya mababu vifanyiwe vivyo hivyo kwa ridhaa yao. Tatu, mgeni akija na fedha taslimu akitafuta vitu vya kale, habari ifike mapema kwa uongozi wa kijiji na kwa makumbusho. Nne, tusiwaache vijana wetu watumiwe kama mikono ya watu wasioonekana. Atakayefungwa ni kijana wa kijijini, na faida itabaki ng'ambo.

Na yule mwenye fedha, popote alipo, kabla ya kuuliza bei aulize kwanza kiwiliwili kiko wapi. Muuzaji akikosa jibu, asinunue.