Ile "Jambo" ya Mean Girls

Wikendi iliyopita niliangalia tena Mean Girls, safari hii na binti wa kaka yangu, ana miaka 13. Nilidhani tutacheka tu mwanzo mpaka mwisho. Tulipofika kwenye kantini, nikanyamaza.

Kwa wasioijua, ni muvi ya 2004. Aliyeiandika ni Tina Fey, akianzia kwenye kitabu cha Rosalind Wiseman kuhusu makundi ya wasichana shuleni. Lindsay Lohan anaigiza Cady, msichana Mzungu aliyekulia Afrika na wazazi wanaotafiti wanyama. Ana miaka 16 anapoingia shule kwa mara ya kwanza, huko karibu na Chicago. Toleo jipya la 2024 linaitaja Kenya, lakini hili la zamani ni "Afrika" tu, kama vile Afrika ni mtaa mmoja.

Basi Cady anaona meza ya wanafunzi weusi, anadhani lazima watakuwa wa kwao, anawaendea na "Jambo!" Wanamkodolea macho.

"Shangazi, cha kuchekesha nini? Si amesalimia tu?"

Nikamweleza. Anayechekwa pale ni Cady, kwa kudhani kila mtu mweusi katoka Afrika. Tena sisi tunajua kwamba "jambo" tupu ni ya watalii. Lakini shuleni kwetu hapa Uingereza kichekesho hicho kiligeuka.

Mwaka ule DVD ilizunguka nyumba zote. Ndipo akaja darasani binti kutoka Mombasa, Kiingereza chake kina lafudhi ya nyumbani. Wasichana wakawa wanapita mezani kwake wakisema "Jambo!" kwa sauti ya kwenye muvi. Siku ya kwanza aliwajibu. "Sijambo!" akasema, na akatabasamu, kwa sababu alidhani wamejifunza lugha yake.

Mimi nilikuwa meza ya wachekaji. Mmoja akaniuliza, hiyo si lugha ya kwenu? Nikasema hapana, mimi hata siielewi. Na asubuhi hiyohiyo mama alikuwa amenigombeza kwa lugha hiyohiyo, na nilielewa kila neno.

Baada ya siku chache alinikuta koridoni, akanisalimia kwa Kiswahili. Nadhani alimsikia mama akiniita getini. Nilimjibu kwa Kiingereza. Hakunisalimia tena mpaka tukamaliza shule.

Miaka yote nimeiangalia muvi hii nikijiona mimi ni Cady, na Regina ni wale wengine. Kusema kweli sikuiangalia vizuri. Janis na Damian ndio waliompokea Cady alipokuwa hana mtu. Wao ndio waliompa kazi ya kumpeleleza Regina, sawa, lakini uongo aliowafanyia wao haukuwa kwenye mpango. Janis ana maonyesho ya michoro yake. Cady anamdanganya kwamba anasafiri na wazazi, kumbe ana pati nyumbani na Janis hakualikwa. Hapo hakuna aliyemlazimisha. Alitaka tu kubaki kwenye meza nzuri.

Watu wanakumbuka mwisho, anapovunja taji la plastiki na kugawa vipande. Ni pazuri. Lakini kabla ya hapo kuna lile daftari la kusengenya lililovuruga shule nzima. Wengi waliandika humo, na Cady anakubali lawama yote peke yake. Taji linakuja baadaye. Mimi hiyo sehemu ya lawama niliiruka.

Binti wa kaka alikaa kimya, kisha akauliza, "Ulimwomba msamaha?"

Sikumwomba. Na siwezi kusema sijui alipo, maana jamii yetu hapa ni ndogo. Mama hukutana na mama yake kila harusi na kila msiba.

Jana nikampigia mama nikamwomba namba.

"Ya nini? Hamkuwa hata marafiki nyie."

"Nataka kumsalimia, mama."

Kanipa. Sijapiga bado. Nimejipa mpaka Ijumaa, inshallah, na nitaanza kwa Kiswahili, hata kikinipotea katikati. Asipotaka kuongea na mimi, ni haki yake.