Toboeni Chungu Kabla ya Moto

Mkuyu wangu ulikufa kwa maji. Walioniona nikiutupa walinipa pole ya ukame: "Ulisahau kumwagilia, ee?" Sikusahau. Nilimwagilia kila nilipoona udongo umekauka juu, kwa miaka minne, na kwa miaka minne hiyo maji yalikuwa yamekaa chini yasikonijulisha.

Tawi lake nililikata Usangi, kwenye mkuyu uliokuwa kando ya ndiva ya ukoo wetu. Mwaka uliofuata mkuyu wenyewe ukakatwa, ukawa kuni. Lile tawi ndilo lililobaki. Nikalifanya bonsai: mti wa kawaida, unaopogolewa matawi na mizizi hadi uishi ukiwa mdogo ndani ya chombo. Chombo nilichokichagua kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, chungu kipana cha mama mdogo, ambaye amefinyanga tangu kabla sijazaliwa. Hakikuwa na tundu.

"Weka kokoto chini, maji yatashuka humo." Kila mtu aliniambia hivyo, na nikatii. Leo nagombana na sentensi hiyo, kwa sababu imeua miti mingi kuliko mbuzi.

Chukua sponji ya kuoshea vyombo. Iloweshe hadi ishibe, kisha iinue kwa ulalo bila kuikamua. Itadondosha kidogo, kisha itaacha. Sasa isimamishe kwa urefu. Itaanza kudondosha tena. Maji hayakuongezeka, kimo ndicho kilichobadilika. Udongo nao hufanya hivyo hivyo. Sehemu ya chini kabisa hushika maji, na hayaingii kwenye kokoto kirahisi, kwa sababu udongo laini huyavuta kwa nguvu kuliko nafasi pana za mawe. Ukiweka kokoto, hujaliondoa tope. Umelipandisha tu, ukalisogeza karibu na mizizi. Na chungu cha bonsai ni kifupi kwa asili yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya udongo wake iko ndani ya eneo hilo la unyevu. Bila tundu, ziada haina pa kwenda. Mizizi hukosa hewa, huoza, na mti hunyauka ukiwa umesimama majini. Mwenye mti akiona majani yamelegea huongeza maji.

Jibu la pili la watu ni hili: "Basi toboa mwenyewe." Nimetoboa. Chungu cha pili cha mama mdogo nilikigeuza kifudifudi nikakipiga msumari kwa nyundo. Kilitoa sauti moja fupi, kikawa vipande vinne. Rafiki aliyekuwepo alisema, "Hivi vyungu vya Upareni havina nguvu." Hilo ndilo lililoniudhi hata leo. Chungu kilichochomwa kwa kuni na majani kimetengenezwa kustahimili moto na uzito wa maharage. Hakikutengenezwa kustahimili msumari. Mwenye nyundo alikuwa mimi, lakini sifa mbaya akapewa mfinyanzi.

Anayelazimika kutoboa chungu kilichokwisha kuchomwa, afanye hivi. Akiloweshe kwanza. Akilaze juu ya mchanga ili kishikwe pote. Atumie drili yenye biti ya ukuta, akiwa amezima ule mtindo wa kugonga, aanze na biti nyembamba, aende polepole huku akitia maji, na alegeze mkono biti inapokaribia kutokea upande wa pili. Maji hupoza, na pia huzuia vumbi, ambalo si zuri kwa mapafu. Vyombo vigumu vya kung'aa, vile vya dukani, huhitaji biti ya almasi. Inawezekana. Lakini ni kufanya kwa shida, na kwa hatari, kazi ambayo mfinyanzi angeifanya kwa nusu dakika.

Kwake ni rahisi. Chungu kikishakauka nusu, kimeshika umbo lakini ukucha bado unaacha alama, unazungusha kipande cha bomba kwenye kitako na kutoa kidonge cha udongo. Unalainisha ukingo kwa kidole chenye maji. Unafanya tundu liwe pana kidogo kuliko unavyotaka, kwa kuwa udongo husinyaa ukikauka na ukichomwa. Unaongeza vitundu viwili vya waya wa kufungia mizizi, na vijiguu vitatu ili kitako kisibane meza. Basi.

Nilipomwomba mama mdogo, alicheka kwanza. Kisha akanyamaza.

"Mwanangu, chungu chenye tundu ni gae. Nitauzaje gae?"

Nilimwelewa. Maisha yake yote amepimwa kwa jambo moja: chungu chake hakivuji. Wateja hukigonga kwa kidole wasikilize, hukiinua wakitazame kwenye mwanga. Nimdai atoboe kwa mkono wake kile anachosifiwa kwa kutokuwa nacho? Lakini wateja hao hao sasa wananunua sufuria na ndoo za plastiki. Methali husema mfinyanzi hulia gae, nasi huitaja kana kwamba ni hekima ya unyenyekevu. Mimi naisikia kama taarifa ya mapato.

Wapo wanaoniambia niache mila. Ufinyanzi wa Usangi ni wa kale, kweli: mwaka 1971 Knut Odner alichapisha katika jarida la Azania ripoti ya uchimbaji wa mabaki ya kale katika eneo la hospitali ya Usangi. Lakini mila ipi inayokataza tundu? Jiko la mkaa la udongo lina matundu tele ya kupitisha jivu, na hakuna anayeliita gae. Na ndiva je? Wazee wetu walijenga bwawa linalojaa usiku kutoka kijitoni, wakaliachia tundu la kuzibwa na kuzibuliwa. Asubuhi huzibuliwa, maji yakaenda mashambani kwa zamu. Ndiva isiyo na tundu ni dimbwi. Watu wa milima hii wanajua kuliko wengi kwamba kushika maji ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kuyaachia. Mkuyu wangu ulitoka kando ya ndiva. Nikaupeleka dimbwini.

Mnasema maji yatachafua meza. Weka kisahani, na ukimwage. Mnasema chungu chenye tundu hakitapikiwa tena. Hakikununuliwa kupikiwa. Bustani za miche barabarani zimejaa vyungu vya saruji na plastiki, vyote vina matundu, na pesa yake haipandi Usangi.

Mara ya mwisho nilimpelekea mama mdogo kipande cha bomba na malipo ya vyungu sita, kwa bei ya juu kuliko chungu cha mboga, kwa sababu tundu ni kazi na kazi hulipwa. Alikubali. Ila alisema atavichoma peke yake, na siku ya gulio hatavipanga pamoja na vingine, watu wasije wakadhani anauza vilivyoharibika.

Sikubishana naye. Nabishana nanyi mnaonunua. Mkiwa mbele ya mfinyanzi, msichague kizima halafu mkaenda kukipiga msumari nyumbani. Agizeni chenye tundu, mapema, udongo ukiwa bado mbichi, na mlipe. Atakapoagizwa na watu kumi, atavipanga mbele ya vingine bila kuambiwa na mtu.