Detroit hawakuokolewa na vipigo

Na Rashid Mkwizu

Kuna hesabu inayopendwa sana katika NBA: timu dhaifu ikubali kufungwa miaka kadhaa, ikusanye vipaji vya juu kwenye drafti, kisha isubiri mavuno. Detroit Pistons wameilipia hesabu hiyo kuliko wengi. Msimu wa 2023-24 walishinda michezo 14 na kupoteza 68, ikiwemo 28 mfululizo. Wakashika mkia, na bahati nasibu ya drafti ikawapa nafasi ya tano. Msimu uliofuata wakashinda 44. Hakuna timu nyingine ya NBA iliyowahi kuzidisha ushindi wake mara tatu kutoka msimu mmoja wa michezo 82 hadi mwingine.

Anayetetea vipigo atamtaja Cade Cunningham, chaguo la kwanza la mwaka 2021. Ni fundi kweli. Lakini Cade, Jalen Duren na Ausar Thompson wote walikuwepo timu ilipochapwa mara 28. Kilichobadilika ni waliowazunguka: kocha J.B. Bickerstaff, pamoja na Tobias Harris, Malik Beasley na Tim Hardaway Jr. Huyu wa mwisho Dallas walimtoa na kuongezea machaguo matatu ya raundi ya pili, kama mtu anayelipa ili abebewe mzigo. Beasley, mzee wa miaka 28, alifunga mitupo 319 ya pointi tatu, na kila beki aliyelazimika kumfuata kule nje alimwachia Cade nafasi ya kupenya. Penye wazee haliharibiki neno, hata kama wazee wenyewe ni wa aina hiyo. Katika mtoano, Aprili 2025, Pistons waliwafunga Knicks 100-94 kwao New York, ushindi wao wa kwanza wa hatua hiyo tangu 2008. Cade alipata pointi 33, ila mtupo uliowatenganisha dakika ya mwisho ulikuwa wa Dennis Schröder, mkongwe aliyesajiliwa katikati ya msimu. Knicks waliwatoa 4-2 hata hivyo.

Wapo watakaosema Kanda ya Mashariki ni nyepesi. Ilikuwa nyepesi hata waliposhinda 14. Wengine watasema ni fedha, maana Harris pekee aligharimu dola milioni 52 kwa miaka miwili. Lakini fedha zilikuwepo tangu awali: kocha Monty Williams alipewa mkataba wa dola milioni 78.5, akafukuzwa baada ya msimu mmoja. Na kama nafasi ya juu ya drafti ingetosha, Memphis wasingemchukua Mtanzania wetu Hasheem Thabeet wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, kisha wakampeleka ligi ya chini msimu huohuo. Bado somo halijaingia. Mwaka 2025 Utah Jazz walishika mkia kwa ushindi wa michezo 17, nao wakaangukia nafasi ya tano. Ya kwanza ilikwenda Dallas, walioshinda michezo 39 na kuingia kwenye bahati nasibu wakiwa na uwezekano wa asilimia 1.8.