Kila Badiliko na Sababu Yake

Siku moja sisi wakufunzi watatu tuliandika azimio moja la kazi katika kompyuta moja. Mwisho wa juma tulikuta faili nne: "azimio", "azimio jipya", "azimio la mwisho" na "azimio la mwisho kabisa". Masahihisho ya mwenzetu yalikuwa yamefutika, wala haikujulikana nani aliyeyafuta na kwa nini.

Waandishi wa programu za kompyuta waliijua shida hiyo zamani. Mwaka 2005 Linus Torvalds alitunga Git, ili watu wengi waliotawanyika duniani waweze kushirikiana kuandika Linux bila ya kuharibiana kazi. Programu hiyo haina malipo, na ikishawekwa hutumika hata pasipo intaneti.

Kuitayarisha kompyuta kwa kazi hiyo si kugumu. Baada ya kuweka Git, mwandishi hujitambulisha kwa jina na anwani ya barua pepe, kwani kila badiliko litabeba jina lake. Kisha, ndani ya folda ya kazi, hutoa amri git init. Hapo folda hupata daftari lake la kumbukumbu. Kazi inapofikia hatua ya kuridhisha, git add huteua faili zilizobadilika, na git commit huziingiza daftarini pamoja na maelezo mafupi. Hali iliyoingizwa huweza kurejewa baadaye.

Kwa maoni yetu, thamani kubwa imo katika maelezo hayo mafupi. Aandikaye "nimebadilisha" hajasema neno. Aandikaye "nimepunguza mazoezi ya kugawanya kwa kuwa watoto hawajamudu kuzidisha" amemsaidia mwenzake, naye amejifunza. Hiyo ndiyo kazi ya tathmini katika andalio la somo, ambayo wengi wetu huijaza kwa mazoea: "somo limeeleweka".

Hata hivyo tusijidanganye. Kompyuta ikiibwa, daftari lililomo huenda nayo. Hapana budi nakala iwekwe mahali pengine.

Na mwalimu asiye na kompyuta je? Achukue daftari la karatasi, apige mistari ya safu nne: tarehe, jina, badiliko, sababu. Akiijaza safu ya nne kwa uaminifu, atakayerithi darasa lake hataanza gizani.